Viatu juu ya kaburi la mama

Msomaji wangu, mwaka jana binti yangu aliyeolewa Ufaransa alijifungua mtoto wa pili, nami nikafunga safari kutoka Tanga kwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi. Nilikaa Paris miezi 3. Watu wakisikia Paris huniuliza habari za Mnara wa Eiffel. Mnara huo niliuona mara mbili, kwa mbali, nikiwa dirishani mwa treni. Nilivyoviona kwa karibu ni makaburi ya sehemu mbili, mtaa mmoja usio na kitu cha kutazama, na jumba moja lenye dhahabu tele. Aliyenipeleka huko kote ni mjukuu wangu wa kwanza.

Mtoto huyo ana miaka 9 na anajifunza baleti, ile densi ambayo wasichana wakubwa husimama kwa ncha za vidole vya miguu. Wa umri wake bado hawaruhusiwi kusimama hivyo, wanavaa viatu laini na kufundishwa kunyoosha miguu. Jumatano moja alirudi darasani analia. Mwalimu alikuwa amemwambia, mbele ya wenzake, kwamba mgongo wake hauna umbo la baleti.

Usiku ule nyumba iligawanyika. Binti yangu alisema ada imeshalipwa ya mwaka mzima, na mtoto asizoeshwe kukata tamaa. Samaki mkunje angali mbichi, akasema. Mkwe wangu alisema mtoto aache kesho yake, hakuna densi inayostahili machozi. Mimi nilikuwa na kitoto kifuani, nikanyamaza. Ila niliona jambo moja: mwenye mgongo wake alikuwa amekaa palepale mezani, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya pili yake alinifuata jikoni.

"Bibi, viatu vyangu vimenibana. Wale dada wakubwa wakichakaza viatu huvipeleka kwenye kaburi la Taglioni. Utanipeleka?"

"Taglioni ndiye nani?"

"Mcheza baleti wa zamani. Mwalimu ana picha yake ukutani. Na yeye walimcheka mgongo."

Hapo nikatafuta koti langu.

Makaburi chini ya daraja

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 2, tukashuka kituo cha Blanche. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi lango la Makaburi ya Montmartre. Kuingia ni bure. Makaburi haya yalifunguliwa mwaka 1825 ndani ya shimo kubwa ambalo zamani lilichimbwa mawe ya jasi, kwa hiyo unapoingia unateremka, na mji unabaki juu yako. Kuna hata daraja la chuma linalopita juu ya makaburi. Magari yanavuma juu, paka wanalala chini kwenye mawe yenye jua, na katikati yao wamelala watu waliotajwa dunia nzima: Berlioz mtunzi wa muziki, na Degas, mchoraji aliyewachora wacheza baleti maisha yake yote.

Kaburi tulilolitafuta hutambulika kwa viatu. Sijapata kuona kitu kama kile. Juu ya jiwe vimelundikwa viatu vya baleti, vya rangi ya waridi, utepe umefungwa au umeachwa uning'inie. Vingine bado vinang'aa. Vingine vimenyeshewa mpaka vimekuwa vyeusi na vimeota ukungu. Kwetu tunapeleka ubani na marashi, tunasoma dua, tunaondoka. Viatu huachwa mlangoni. Lakini nilipoinama nikaona ncha zilizolika na alama za jasho, nilielewa. Kila kiatu pale ni kazi ya mtu. Wamemletea aliyewatangulia ushahidi kwamba nao wamefanya kazi.

Mjukuu wangu alikuwa ameshatoa viatu vyake kwenye mfuko pale alipotokea ajuza mmoja mwenye kopo la kumwagilia maua. Alituamkia, akatazama viatu, akasema maneno kwa Kifaransa. Mtoto akageuka kwangu uso umemshuka.

"Bibi, anasema aliyelala hapa siyo Marie Taglioni. Ni mama yake."

"Na Marie yuko wapi?"

"Anasema yuko Père Lachaise. Watu wanakosea kila siku."

Mtoto alisimama akifikiri, kisha akarudisha viatu kwenye mfuko. "Nataka kumpa mwenyewe," akasema.

Binti wa familia ya jukwaani

Jioni zilizofuata mkwe wangu aliniletea vitabu kutoka maktaba ya mtaa, yeye akinitafsiria, mimi nikiandika kwenye daftari. Marie Taglioni alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 23 Aprili 1804. Baba yake, Filippo Taglioni, alikuwa Mtaliano, mcheza densi na mtunzi wa baleti aliyekuwa akifuata kazi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mama yake, Sophie Karsten, alikuwa Mswidi, naye pia mcheza densi, na baba yake Sophie alikuwa mwimbaji mashuhuri wa opera huko Sweden. Familia nzima ilikula kwa jukwaa. Hata mdogo wake Marie, Paul, alikuja kuwa mtunzi wa baleti.

Baba alipokuwa akizunguka nchi za watu kutafuta mkate, mama alikaa Paris na watoto. Huko Marie aliwekwa kwa mwalimu mkubwa wa wakati ule, Jean-François Coulon. Hakuwa mtoto wa kutazamwa. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu kupita kiasi, mabega yameinama. Wenzake darasani walimcheka na kumwita kibiongo.

Kisha baba akapata kazi Vienna, Austria, akamwita bintiye ili acheze mbele ya watu wa mji ule. Alipomtazama akaona mtoto hajaiva. Akamchukua mwenyewe na kumfundisha kwa miezi 6, muda wa saa 6 kila siku: saa 2 asubuhi za kuimarisha miguu, saa 2 mchana za mikao, na saa 2 jioni za kuruka. Kila mkao aliutunza huku akihesabu mpaka 100. Kuruka kulitakiwa kusiwe na kishindo hata kidogo. Na kwa kuwa mgongo haubadiliki, baba alibuni mikao ya kuendana nao: mwili umeinama mbele kidogo, mikono mirefu imekunjwa taratibu mbele ya kifua au chini ya tumbo. Ile kasoro waliyoicheka Paris ikawa ndiyo namna yake, na baadaye wasichana wenye migongo iliyonyooka waliigeza.

Tarehe 10 Juni 1822, akiwa na miaka 18, Marie alipanda jukwaani Vienna kwa mara ya kwanza. Hakushuka tena kwa miaka 25.

Hapa ndipo watu wengi husema: unaona? Baba alimkaza, mtoto akafika. Binti yangu naye, aliyekuwa akinyonyesha huku akisikiliza, alisema hivyohivyo. Lakini mkwe wangu aliendelea kusoma, akafika kwenye maneno ya mwandishi mmoja Mfaransa wa enzi hizo, Albéric Second. Huyo aliandika kwamba baada ya somo la saa 2 kwa baba yake, Taglioni alianguka zuliani chumbani kwake bila nguvu, akavuliwa nguo, akapanguswa kwa sponji na kurudishiwa fahamu, naye hajijui.

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31, na ninajua jinsi kauli ya kutendwa inavyoficha watu. Alivuliwa. Alipanguswa. Alirudishiwa fahamu. Na nani? Jina la aliyehesabu mpaka 100 liko katika kila kitabu. Jina la aliyeshika sponji halimo. Mimi niliyesafiri kutoka Tanga kuja kukanda mzazi na kuogesha mtoto, nilikuwa na mawazo yangu kuhusu mikono ile. Nikakumbuka lile kaburi la Montmartre.

Mtaa usio na kitu

Jumatano iliyofuata tulikwenda kutafuta mahali Marie alipopata jina. Kuna kituo cha treni kinachoitwa Le Peletier, njia namba 7. Ukitoka nje unakuta mtaa wa Le Peletier: ofisi, benki, mahali pa kula chakula cha mchana, pikipiki zimeegeshwa. Mjukuu wangu alizunguka mara mbili akitafuta jumba.

"Halipo," nikamwambia. "Liliungua."

Hapa palikuwa na Opera ya Paris tangu mwaka 1821 mpaka usiku wa tarehe 28 Oktoba 1873, moto ulipolimaliza. Marie alianza kucheza Opera ya Paris mwaka 1827. Na hapa ndipo, tarehe 12 Machi 1832, yalipofunguliwa mapazia ya baleti iitwayo La Sylphide, ambayo baba yake aliitunga kwa ajili yake.

Nilimsimulia mtoto hadithi hiyo tukiwa tumesimama kando ya njia, maana ni hadithi ambayo hata kwetu ingeeleweka. Kijana wa Uskochi, James, amekaa usingizini asubuhi ya siku ya harusi yake. Kiumbe wa hewani, msichana mwenye mabawa, anamtokea kwa kuwa amempenda. Kijana anamwacha mchumba wake mlangoni, anamfuata yule kiumbe msituni. Hawezi kumshika. Mchawi, ambaye James alimfukuza motoni kwake asubuhi ile, anampa shela na kumwambia ukimfunga hii hataruka tena. Anamfunga. Mabawa yanaanguka, na kiumbe anakufa. Mbali kidogo linapita kundi la harusi: mchumba amekwisha kuolewa na mwingine.

"Kwa hiyo amekosa wote wawili," mtoto akasema.

"Wote wawili."

Hadithi kama hizi zilikuwa ndizo ladha ya wakati ule, ambao watu wa fasihi huuita enzi ya Urumanisi: mizimu, misitu, mapenzi yasiyowezekana, vitu vinavyoonekana lakini havishikiki. Kilichohitajika ni mwili wa mwanadamu usioonekana kuwa na uzito, na Marie ndiye aliyekuwa nao. Alivaa sketi nyeupe ya vitambaa vyepesi, jamii ya melimeli, iliyopanuka kama kengele na kuishia chini ya magoti. Jukwaa liliangazwa kwa taa za gesi, ambazo zilikuwa bado kitu kipya, na mwanga wao hafifu uliifanya sketi ile ionekane kama ukungu. Wenzake wengine walirushwa hewani kwa nyaya. Na yeye akasimama kwa ncha za vidole.

Msomaji asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kabisa kusimama hivyo. Wapo waliotangulia, lakini kwao ilikuwa kama mazingaombwe, na watazamaji waliona jinsi wanavyojikaza. Marie alifanya kama mtu anayepumua tu. Viatu vya leo vya baleti vina ncha ngumu ya kumbeba mchezaji. Vyake vilikuwa vya satini laini, vimeshonewa nyuzi pembeni na chini ya ncha ili visitawanyike. Uzito wote ulibebwa na vidole vyenyewe, vile vilivyohesabiwa mpaka 100 kule Vienna.

Tangu usiku ule mambo yaligeuka. Mwanamke akawa ndiye kiini cha baleti, na mwanamume akabaki wa kumshika mkono. Sketi nyeupe ikawa sare ya baleti mpaka leo.

Viatu vilivyoliwa

Jina lilipokua, mengine yalipungua. Mwaka uleule wa 1832 Marie aliolewa na Kaunti Auguste Gilbert de Voisins. Ndoa haikufika mbali. Baada ya miaka michache waliachana mlango, na mwaka 1844 talaka ikatoka.

Mwaka 1837 aliondoka Paris, akaenda kufanya kazi Saint Petersburg, Urusi, hadi 1842. Warusi walimpenda kupita kiasi. Husimuliwa kwamba alipomaliza onyesho lake la mwisho huko, jozi moja ya viatu vyake iliuzwa kwa rubo 200, na wanunuzi wakaipika, wakaitilia mchuzi na kuila. Mjukuu wangu aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia, kumbe afadhali hawa wanaoviacha makaburini.

Tarehe 12 Julai 1845 alikuwa London, katika baleti iitwayo Pas de Quatre, iliyokutanisha wanawake 4 waliotajwa kuliko wote: Taglioni, Carlotta Grisi, Fanny Cerrito na Lucile Grahn. Desturi ni kwamba anayecheza mwisho ndiye mkubwa. Taglioni alikubaliwa bila ubishi kuwa wa mwisho. Ugomvi ulizuka juu ya nani acheze kabla yake, kati ya Grisi na Cerrito, na mtunzi, Jules Perrot, akamkimbilia msimamizi wa ukumbi akiwa amekata tamaa. Msimamizi, Benjamin Lumley, akasema: basi aliyemzidi mwenzake umri ndiye atangulizwe kwa heshima. Ghafla kila mmoja akawa tayari kumwachia mwenzake. Malkia Victoria mwenyewe alikwenda kuwatazama.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1847, Marie aliacha jukwaa na kwenda kuishi kwenye Ziwa Como, Italia.

Jumba la dhahabu na sketi iliyoungua

Kutoka mtaa wa Le Peletier hadi jumba la opera la sasa, Palais Garnier, ni mwendo ambao hata magoti yangu yaliuweza. Jumba hili lilifunguliwa Januari 1875, na Marie hakuwahi kucheza humo. Nililipa kiingilio nikapanda ngazi zile za marumaru nikijishika pembeni, mjukuu wangu akinitangulia na kunisubiri. Ndani mna dhahabu, vioo, na taa kubwa iliyoning'inia juu ya viti vyekundu. Mna pia maktaba na makumbusho ya opera. Katika vitu vilivyohifadhiwa na makumbusho hayo yamo mabaki ya nguo iliyoungua ya msichana aitwaye Emma Livry.

Emma alizaliwa mwaka 1842. Mama yake alikuwa mcheza densi wa Opera, baba yake mtu wa cheo ambaye hakumwoa mama. Mwaka 1858, akiwa na miaka 16, Emma alionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza katika La Sylphide ileile. Sifa zake zilimtoa Marie Italia. Alikuja, akamwona, akabaki Paris kumfundisha. Mwaka 1860 akamtungia baleti, Le Papillon, maana yake Kipepeo, kwa muziki wa Offenbach. Ndiyo baleti pekee Marie aliyoitunga kwa ajili ya Opera ya Paris. Humo msichana anageuzwa kipepeo, na mabawa yake yanaungua kwenye mwali wa kienge.

Wakati ule ajali za moto majukwaani zilikuwa nyingi, maana taa za gesi na sketi nyepesi havipatani. Ilikuwapo dawa ya kulowekea nguo ili zisishike moto, lakini ilizifanya ngumu na kuzififisha rangi. Emma alikataa. Aliandika kwa mkono wake kwamba atacheza kwa sketi yake ya kawaida, na kwamba lawama ni yake mwenyewe.

Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi ya opera nyingine kwenye jumba lile la Le Peletier, sketi yake iligusa mwali wa gesi. Aliungua vibaya, akaishi kwa mateso miezi 8, akafa tarehe 26 Julai 1863. Alikuwa na miaka 20. Amelazwa Montmartre, makaburi yaleyale yenye viatu.

Hili sikumsimulia mjukuu wangu lote. Nilimwambia kulikuwa na mwanafunzi wa Taglioni aliyeungua kwa sababu hakutaka nguo ya kumlinda. Akaniuliza: "Kwa nini mama yake hakumkataza?" Nikamwambia binti alikuwa ameshakuwa mkubwa kiasi cha kuandika barua. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika. Samaki mkunje angali mbichi ni methali ya kweli, lakini anayekunja hana budi kusikiliza. Hata samaki mbichi akikunjwa kupita kiasi hukatika, na aliyemkunja huwa wa mwisho kusikia.

Nikamwonyesha pia jambo jingine. Mwaka uleule wa 1860 Marie aliweka utaratibu wa mtihani katika Opera ya Paris: wachezaji wacheze mbele ya jopo, na daraja itolewe kwa kazi yao. Utaratibu huo umeishi zaidi ya karne nzima baada yake. Yeye aliyeitwa kibiongo na watoto wenzake hakuacha darasa lililofuata lihukumiwe kwa kunong'onezana.

Njia namba 2

Wiki ya mwisho tulipanda tena njia namba 2, safari hii mpaka kituo cha Père Lachaise. Makaburi haya ni mji kamili, yana vichochoro na vilima, na yalifunguliwa mwaka 1804, mwaka aliozaliwa Marie.

Njiani nilimmalizia hadithi. Baba Filippo alikufa mwaka 1871, na katika miaka ile ya vita vya Ufaransa na Prussia mali ya familia iliyeyuka. Mchumia juani hulia kivulini, tunasema, lakini Marie hakukipata kivuli. Akiwa na miaka zaidi ya 65 alihamia London, akawa mwalimu wa kuwafundisha mabinti wa matajiri kucheza na kuinama kwa adabu mbele ya wakubwa. Mmoja wa wanafunzi wake alikuja kuwa Malkia Mary wa Uingereza. Nyumba aliyokaa, Connaught Square, ina kibao cha kumkumbuka. Mwishowe alikwenda kwa mwanawe Marseille, kusini mwa Ufaransa, na huko akafa tarehe 22 Aprili 1884. Ilikuwa imebaki siku 1 atimize miaka 80. Baadaye mwili ulihamishiwa Paris, ukazikwa kwenye kaburi la ukoo wa Gilbert de Voisins, jina la yule mume aliyeachana naye.

Tulilitafuta kwa ramani tukalipata. Siku ile palikuwa kimya, sisi wawili tu. Mjukuu wangu alisimama mbele ya jiwe, mfuko wa viatu mkononi. Nilimwacha. Nilisoma dua yangu ya kimoyomoyo kama ninavyofanya kwenye kila kaburi. Alipogeuka, mfuko bado ulikuwa mkononi.

"Huviachi?"

"Bibi, twende kule kwa mama yake."

"Si ulitaka kumpa mwenyewe?"

"Huyu ameshapata makofi," akasema. "Na yule mama, je?"

Tukapanda tena njia namba 2, kurudi Blanche. Aliweka viatu vyake vidogo pembeni mwa vile vikubwa, akavisogeza visianguke. Miongoni mwa viatu vyote vile, vyake peke yake havikuwa vimekosea mlango.

Usiku ule nilivunja kimya changu. Nilimwambia binti yangu: mlipie ada, mpeleke kwa daktari mgongo utazamwe, halafu muulize mwenyewe. Ukimaliza kuuliza, nyamaza umsikilize. Binti yangu alitaka kujibu, akajizuia. Daktari aliutazama mgongo, akasema ni mgongo mzima wa mtoto wa miaka 9. Mkwe wangu alikwenda kuzungumza na mwalimu faraghani, bila kelele.

Na mtoto? Alisema atacheza mpaka Juni, mwaka wa masomo utakapokwisha, kisha atatuambia.

Kabla sijaondoka kwenda uwanja wa ndege binti yangu alinishika mkono, akaniambia, "Asante, Mama, kwa kunikanda." Nilikuwa nimemkanda siku 40 na hakuwahi kulitamka, wala mimi sikuwa nikilingoja. Msomaji wangu, kama mama yako yu hai, usingoje mpaka watu wamletee viatu kwa kukosea kaburi.